Ndege wa Detroit: msimu mmoja wa Mark Fidrych na bega lililosubiri miaka minane

Mwaka 1985 mkulima mmoja wa Northborough, mji mdogo katika jimbo la Massachusetts, alikwenda kwa Dk James Andrews, bingwa wa upasuaji wa viungo ambaye jina lake lilikuwa linaanza kuvuma miongoni mwa wanamichezo, akamwonyesha bega lake la kulia. Andrews akagundua kwamba kano zinazolishikilia bega hilo zimechanika. Mgonjwa alikuwa na umri wa miaka 30 hivi na alikuwa ameshastaafu mchezo. Miaka tisa nyuma Marekani nzima ililifahamu bega hilo, kwa kuwa mwenyewe aliitwa Mark Fidrych, na katika msimu wa 1976 hakukuwa na mrushaji wa besiboli aliyependwa kama yeye.

Kwa maelezo yake mwenyewe, mkono ulianza kumsaliti Julai 1977. Hesabu inakuja miaka minane kati ya maumivu na jibu. Katika miaka hiyo alipumzishwa, akarudishwa uwanjani, akashushwa ligi za chini, akapandishwa tena, akaachwa na klabu, akachukuliwa na nyingine, mwisho akaachana na mchezo, na muda wote huo alikuwa akirusha mpira kwa bega lililochanika.

Kisa chake kimezoeleka kusimuliwa kwa namna nyingine. Husemwa kwamba alikuwa kijana wa vituko, alizungumza na mpira, akavuma mwaka mmoja, akaumia goti, akapotea. Vituko vilikuwepo, na goti liliumia kweli. Lakini ukikisimulia hivyo unamwacha nje fundi aliyekuwa akiifanya kazi yake vizuri kuliko wenzake wote wa mwaka ule, na unaliacha nje bega.

Kwa msomaji ambaye hajaufuatilia mchezo huu, mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, mita 18 na ushei kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji, mwenzake mrushaji, akiwa na glavu. Kila shambulio la timu pinzani huanzia kwenye mkono wa mrushaji, na mechi ya kawaida ina raundi tisa. Siku hizi warushaji hupokezana, huyu raundi tano, yule mbili, mwingine moja. Miaka ya 1970 mrushaji anayeheshimika alitarajiwa kuanza na kumaliza mwenyewe, na akimaliza bila kubadilishwa aliandikiwa mechi kamili.

Fidrych alizaliwa Agosti 14, 1954 mjini Worcester na kukulia Northborough. Baba yake alikuwa mwalimu. Mwenyewe hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa mtoto asiyetulia, mwepesi wa kucheka, mpenzi wa magari na mashine. Baada ya shule alifanya kazi kwenye kituo cha mafuta. Mwaka 1974 klabu ya Detroit Tigers ilimchagua katika mzunguko wa kumi wa usajili wa chipukizi, nafasi ambayo haimpi mtu kiburi chochote, kwani wengi wanaochaguliwa huko hawafiki kokote. Alipelekwa Bristol, Virginia, kwenye ngazi ya chini kabisa ya timu za klabu hiyo. Huko kocha Jeff Hogan alimtazama kijana huyu mrefu, mwembamba, mwenye nywele za dhahabu zilizojikunja, akaona anafanana na yule ndege mkubwa wa manjano wa kipindi cha watoto cha Sesame Street. Jina la Ndege likaanzia hapo na halikumtoka tena.

Detroit ya wakati ule ilihitaji kitu cha kuifurahisha. Viwanda vya magari vilikuwa vimeyumbishwa na mgogoro wa mafuta wa 1973 na wafanyakazi kwa maelfu walikuwa wamepunguzwa kazini. Majeraha ya ghasia za 1967 hayakuwa yamepona, na wenye uwezo walikuwa wakihamia vitongojini mwaka hadi mwaka. Timu nayo ilikuwa taabani. Msimu wa 1975 Tigers walipoteza mechi 102. Uwanja wao wa zamani kwenye kona ya barabara za Michigan na Trumbull, uliofunguliwa 1912, ulikuwa na nafasi ya watu zaidi ya 50,000, na siku nyingi viti vilivyobaki wazi vilikuwa vingi kuliko vilivyokaliwa.

Fidrych alifika kwenye kambi ya mazoezi ya 1976 bila hata kuwamo katika orodha rasmi ya kikosi. Alipita mchujo, akapewa jezi namba 20, kisha akakaa benchi. Aprili 20 aliingizwa kwa muda mfupi mjini Oakland, na baada ya hapo wiki zikapita bila ya yeye kuaminiwa mechi. Mei 15 mrushaji aliyepangwa kuanza, Joe Coleman, aliugua mafua. Kocha Ralph Houk akampa kijana mpira dhidi ya Cleveland.

Kwa raundi sita za mwanzo hakuna mpigaji wa Cleveland aliyefanikiwa kupiga mpira ukamfikisha kituoni salama. Mpaka mwisho walipata mipigo miwili tu, na Detroit ikashinda 2–1. Lakini habari iliyotoka uwanjani siku ile ilihusu mambo aliyoyafanya kati ya mrusho na mrusho. Alizungumza huku akiunyoosha mpira mbele ya uso, kana kwamba anauelekeza njia. Alipiga magoti kwenye kichuguu akafukia mashimo kwa viganja vyake. Mwenzake akidaka vizuri, alimkimbilia kumshika mkono. Rico Carty wa Cleveland alisema baadaye kwamba alidhani kijana anajaribu kuwafanyia kiinimacho.

Hebu tulitazame hilo la magoti kwa karibu, maana ndilo lililochekwa zaidi. Mrushaji wa mkono wa kulia humalizia mrusho kwa kutua na mguu wa kushoto, na uzito wake wote unaangukia pale. Kila anapotua, kiatu chenye vyuma kinachimba. Warushaji wa timu mbili wanatumia kichuguu kimoja kwa zamu, na hatua zao hazilingani urefu. Ukitua kwenye ukingo wa shimo la mwenzako, goti linayumba, kiwiliwili kinachelewa, mkono unaachia mpira mapema, na mpira unapanda juu. Kwa mrushaji ambaye riziki yake yote ni mpira wa chini, hilo ni balaa. Fidrych hakutaka watunza uwanja wamrekebishie mahali pake. Alitaka kupajua kwa vidole vyake mwenyewe. Alikuwa fundi anayepanga meza yake kabla ya kazi.

Kuhusu kuzungumza, alieleza mara nyingi kwamba hakuwa anaongea na mpira bali na nafsi yake, akijikumbusha kuutupa chini na kutuliza mkono. Lile la mipira ndilo lilikuwa imani hasa. Mpira uliopigwa vizuri na mpinzani aliurudisha kwa mwamuzi na kuomba mwingine, akiamini ule umebakiwa na mipigo ndani yake. Aliutaka uende ukachanganyike na wenzake kwenye mfuko upate adabu.

Na alijua kurusha. Hakuwa mtu wa kuwatoa wapigaji kwa nguvu tupu. Mwaka ule alirusha raundi 250 na theluthi moja, na katika hizo aliwaondoa watu 97 tu kwa kuwafanya wakose mpira mara tatu, idadi ndogo kwa mrushaji wa kiwango chake. Silaha zake zilikuwa mpira wa kasi unaozama karibu na magoti na mwingine unaokata pembeni dakika ya mwisho. Mpigaji aliugusa, lakini aligusa sehemu ya juu ya mpira, nao ukabiringika ardhini hadi kwenye glavu ya mlinzi. Aliwapa wapinzani nafasi 53 tu za kutembea bure. Alifanya kazi haraka, bila kuzunguka na kukung'uta viatu, kiasi kwamba mechi zake zilikwisha watu wakiwa bado na hamu. Mdakaji wake, Bruce Kimm, naye alikuwa mgeni wa ligi mwaka huo, na Houk aliwaacha pamoja: kila mechi aliyoianza Fidrych msimu ule, aliyechutama upande wa pili alikuwa Kimm.

Jumatatu ya Juni 28, 1976, televisheni ya ABC ilirusha nchi nzima mechi ya Tigers na New York Yankees, waliokuwa wakiongoza kundi lao na ambao mwaka huo walitwaa ubingwa wa ligi yao. Watu 47,855 waliingia uwanjani. Rusty Staub na Aurelio Rodríguez walipiga mipira iliyotoka nje ya uwanja kuipatia Detroit alama. Upande wa Yankees ni Elrod Hendricks peke yake aliyefanikiwa kufanya hivyo, na ndiyo alama pekee waliyopata. Matokeo yalikuwa 5–1, kwa saa 1 na dakika 51. Fidrych alirusha raundi zote tisa, akapeana mikono na kila aliyemwona, wakiwemo askari, kisha akaingia ndani.

Umati haukuondoka. Walibaki wamesimama wakiimba kumtaka Ndege, mpaka akatoka tena bila viatu, akiwa na soksi tu, kuwapungia. Leo mchezaji kurudi uwanjani kupungia ni jambo la kawaida. Kwenye besiboli ya wakati ule lilikuwa nadra, na kwa kijana wa miaka 21 mwenye ushindi wa mechi chache tu mkononi lilikuwa geni kabisa. Ukizitazama picha za usiku ule unaona anashangaa kwa dhati. Hakuna hila usoni mwake. Nadhani ndiyo sababu hata waliokwenda kumcheka waliishia kumpenda.

Kuanzia hapo ilikuwa tufani. Klabu pinzani zilitaka kujua ratiba yake ili zijue siku ya kuuza tiketi. Aliteuliwa kuanza mechi ya nyota wa ligi mjini Philadelphia mwezi Julai, mwaka ambao Marekani ilikuwa ikisherehekea miaka 200 ya uhuru, mbele ya Rais Gerald Ford. Mechi hiyo ilimwendea vibaya: alifungwa alama mbili raundi ya kwanza, na upande wake ukashindwa. Haikumpunguzia mtu hamu.

Fedha inasema zaidi. Mshahara wake wa 1976 ulikuwa dola 16,500. Katika mechi 18 alizoanza nyumbani waliingia watu 605,677, wastani wa 33,649 kwa mechi. Mechi nyingine za nyumbani zilipata wastani wa 13,893. Yaani mtu mmoja, katika siku 18, alileta zaidi ya asilimia 40 ya watazamaji wa msimu mzima. Ni kweli kwamba Desemba 1975 mwamuzi wa migogoro Peter Seitz alikuwa amevunja kifungo kilichowafunga wachezaji kwa klabu zao maisha, na Novemba 1976 Reggie Jackson alisaini na Yankees kwa karibu dola milioni 3 za miaka mitano. Lakini uhuru huo uliwafikia wakongwe kwanza. Mgeni alichukua alichopewa. Klabu ilimpa Fidrych zawadi ya dola 25,000 na mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola 255,000, naye akashukuru. Alikuwa akiendesha gari dogo, na akiulizwa habari za mshahara alijibu kwamba kama si besiboli angekuwa anajaza watu mafuta.

Alimaliza msimu na ushindi 19 dhidi ya kushindwa 9, kwenye timu iliyoshinda 74 na kushindwa 87. Wastani wa alama alizofungwa kwa kila raundi tisa ulikuwa 2.34, bora kuliko wa mrushaji mwingine yeyote katika ligi zote mbili. Alichaguliwa mchezaji bora mgeni wa ligi yake, na katika kura za tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, akawa wa pili nyuma ya Jim Palmer wa Baltimore.

Na alimaliza mechi kamili 24 katika 29 alizoanza. Mara zaidi ya moja alikwenda mpaka raundi ya 11, kwa sababu matokeo yalikuwa sare na hakuna aliyeona haja ya kumpumzisha.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ni rahisi kumtupia lawama Ralph Houk na kufunga faili. Houk alikuwa meja wa jeshi katika Vita Kuu ya Pili, mtu mwenye heshima kwa wachezaji wake, na alifanya lilelile walilofanya makocha wote wa siku zake. Palmer mwaka huohuo alirusha raundi 315 na kumaliza mechi 23. Catfish Hunter wa Yankees alirusha karibu raundi 300. Wingi wa kazi peke yake hautoshi kueleza kwa nini bega moja linapasuka na jingine linadumu. Tofauti ni kwamba Palmer alikuwa na miaka 30 na mkono uliokwisha kukomaa, ilhali Fidrych alitimiza miaka 22 katikati ya Agosti, na mwaka uliotangulia alikuwa bado kwenye ligi za chini.

Kwangu kosa kubwa zaidi halikufanyika 1976. Lilifanyika mwaka uliofuata.

Machi 1977, kambini Lakeland, Florida, Fidrych alikuwa akikimbiza mipira ya mazoezi pembezoni mwa uwanja, anaruka na kucheka kama mtoto. Staub alimwambia apunguze, asije akajiumiza. Muda mfupi baadaye aliruka, akatua vibaya, na gegedu ya goti la kushoto ikachanika. Akafanyiwa upasuaji mwishoni mwa mwezi. Goti la kushoto, kama nilivyokwisha kueleza, ndilo linalopokea uzito wote anapotua. Mguu huo usipokuwa imara, mwili unatafuta nguvu na breki mahali pengine, na mahali pengine penyewe ni bega. Bega la mrushaji huzunguka kwa kasi ambayo ni miongoni mwa miendo ya haraka kuliko yote anayoweza kuifanya mwanadamu. Mpira ukishatoka mkononi, misuli minne midogo na kano zake ndizo zinazoukamata mkono usichomoke.

Mei 27 alikuwa amerudi kichuguuni. Miezi miwili baada ya upasuaji. Na hakurudishwa kwa tahadhari: katika mechi 11 alizoanza mwaka huo, kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Julai, alimaliza 7. Nimezisoma takwimu hizo mara kadhaa nikitarajia kukuta dalili kwamba kuna mtu alisita, na sikuiona. Alikuwa akishinda, watu walikuwa wakijaa, naye mwenyewe asingekubali kutolewa. Julai 4, mjini Baltimore, katikati ya mechi, alihisi mkono umekufa. Hivyo ndivyo alivyolieleza: hakusikia kitu kukatika, ni nguvu tu zilizokwisha. Julai 12 alijaribu tena, akatolewa mapema, na hakurusha tena mwaka huo.

Yaliyofuata yanaumiza kuyaorodhesha, kwa hiyo nitayapita haraka. Mwaka 1978 alifungua msimu, akashinda mechi mbili, akaanza ya tatu na mkono ukagoma. Mwaka 1979 alicheza mechi nne na kushindwa tatu. Mwaka 1980 aliitwa tena kutoka ligi ya chini mwezi Agosti, akashinda mbili na kushindwa tatu. Ushindi wa mwisho ulikuwa Oktoba 1 mjini Toronto. Jumla ya maisha yake katika Ligi Kuu ni mechi 58, ushindi 29 na kushindwa 19.

Kwa nini hakuna aliyeona? Sehemu ya jibu ni vifaa. Eksirei huonyesha mfupa, na mfupa wa Fidrych haukuwa na shida. Mashine za kupiga picha ya kano na misuli kwa sumaku hazikuwa zimefika hospitalini. Alipita kwa daktari huyu na yule, wakamwambia ni uvimbe wa kano, apumzike. Alipopumzika na asipone, minong'ono ikaanza kwamba tatizo liko kichwani mwake, kwamba ameogopa, kwamba umaarufu umemlemea. Mtu aliyekuwa akizungumza peke yake mbele ya watu 47,000 ni rahisi kumdhania hivyo. Naona hapo ndipo vituko vilipomgharimu: vilimfanya aonekane mtu ambaye maumivu yake yanaweza kuwa sehemu ya mchezo wake.

Lakini vifaa si jibu zima. Katika mwaka uleule wa 1976, Steve Busby wa Kansas City Royals, mrushaji aliyekuwa na miaka 26, aligunduliwa kuwa na mchaniko wa aina hiyohiyo begani na kufanyiwa upasuaji, wa kwanza wa namna yake kwa mchezaji wa besiboli. Aliyemtibu ni Dk Frank Jobe wa Los Angeles. Jobe huyohuyo, Septemba 1974, alikuwa amechukua kano kutoka mkono mmoja wa mrushaji Tommy John na kuipandikiza kwenye kiwiko cha mkono wake mwingine. John alirudi kichuguuni mwaka 1976, Fidrych alipokuwa anaanza kuvuma, akacheza hadi 1989 akiwa na miaka 46, na mpaka leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake. Busby hakubahatika hivyo. Alirudi 1978 lakini hakuwa tena yule wa zamani, na 1980 ukawa mwisho wake. Bega lilikuwa gumu kuliko kiwiko, kulijua na kulitibu. Hata hivyo ugonjwa ulikuwa na jina, na palikuwa na daktari aliyekwisha kuuona. Siwezi kudai kwamba Fidrych angepona. Ila angeambiwa ukweli akiwa na miaka 23, badala ya kuambiwa akiwa na trekta.

Tigers walimwachia baada ya msimu wa 1981. Boston Red Sox, klabu ya utotoni kwake, wakampa nafasi katika timu yao ya Pawtucket, jimbo la Rhode Island, hatua moja chini ya Ligi Kuu. Julai 1, 1982 alipambanishwa huko na Dave Righetti, kijana wa Yankees aliyekuwa mchezaji bora mgeni wa 1981 na sasa ameshushwa. Zaidi ya watu 9,000 walijazana katika uwanja usiojengwa kwa watu wengi kiasi hicho. Fidrych alirusha mechi nzima na kushinda. Usiku mmoja tena umati ulimwimbia, akatoka kuwapungia. Mwaka uliofuata, kabla ya kufikisha miaka 30, aliacha.

Alikuwa amenunua shamba Northborough, ekari 107. Mwaka 1986 alimuoa Ann, wakapata binti, Jessica. Alinunua lori la magurudumu kumi na kubeba kokoto na lami kwa wakandarasi wa barabara. Wikiendi alisaidia kwenye mgahawa wa mama mkwe wake. Wateja waliomtambua aliwasainia, akawasimulia, akarudi kwenye kazi. Alipoulizwa kama ana kinyongo na klabu, na madaktari, au na kocha, alijibu kila mara kwamba hana, na kwamba alichokipata Detroit ndicho kilichomnunulia shamba. Nawaamini waliomfahamu wanaposema alimaanisha. Lakini msamaha wake ulikuwa wake kuutoa, na haumzuii mwingine kuhesabu.

Aprili 13, 2009 alikuwa chini ya lori lake akilitengeneza. Nguo zake zikanaswa na mhimili uliokuwa ukizunguka, zikamkaba. Alikuwa na miaka 54. Mwaka huohuo uwanja wa Michigan na Trumbull, ambao Tigers waliuhama 1999, ulikuwa unamaliziwa kubomolewa.

Leo klabu huhesabu kila mpira mrushaji anaoutupa, na ukikaribia 100 kocha anainuka. Msimu wa 2023 timu zote 30 za Ligi Kuu, zikiwa na mamia ya warushaji, zilifikisha kwa pamoja mechi kamili 35. Mabega na viwiko bado vinachanika, pengine zaidi, kwa kuwa sasa kila mrusho unatupwa kwa nguvu zote. Hesabu ya mipira haijawa dawa. Kilichobadilika ni kwamba kijana akisema mkono umekufa, kesho yake analala ndani ya mashine na picha inasomwa jioni.

Kocha wa sasa angemtoa Fidrych raundi ya saba usiku ule wa Juni 28, na watu 47,855 wangezomea. Ningekubali wazomee. Jim Palmer, aliyemshinda kwa kura za tuzo mwaka ule, aliendelea mpaka 1984, akafikisha mechi 558 na ushindi 268, na kati ya warushaji wawili wale mwaka 1976 aliyekuwa akifungwa alama chache zaidi hakuwa Palmer.